Picha za Arusi na Namna ya Kuzipiga

Wasikilizaji, leo nataka kuzungumza nanyi juu ya picha za arusi. Huenda wengine wenu mkasema ya kuwa jambo hili ni dogo, maana siku hizi kila mwenye simu ya mkononi ni mpiga picha. Ni kweli kwamba kamera zimejaa mikononi mwa watu. Walakini nenda kwa jamaa waliooana mwaka jana, uwaombe wakuonyeshe picha za arusi yao, nawe utastaajabu. Utaonyeshwa picha mia tatu za wageni wakila, na picha mia nyingine za bibi arusi amesimama mbele ya pazia moja, zote zafanana kama punje za mtama. Lakini ukiuliza, "Walii alikuwa nani? Mashahidi ni wepi? Bibi mzaa mama yuko wapi?" watatazamana, kisha mmoja atasema, "Huyo hakupigwa."

Nitasema hasa juu ya arusi ya Kiislamu ya pwani, yaani ya Mombasa, Lamu, Unguja na miji iliyo kama hiyo, kwa kuwa ndiyo niijuayo zaidi, na kwa kuwa ndani yake mna jambo moja linalomfanya mpiga picha kuwa mtu wa haja kubwa. Jambo lenyewe ni hili: arusi ya pwani ni arusi mbili. Wanaume wako msikitini, wanawake wako nyumbani. Kwa desturi bwana arusi huozwa mbele ya shehe na mashahidi, naye bibi arusi hayupo. Baba yake, au mwingine aliye walii wake, ndiye atakayemwoza. Kwa hiyo bibi arusi haioni akdi yake mwenyewe. Bwana arusi naye haoni mwenziwe akisingwa kwa liwa, wala akipakwa hina, wala hasikii nyimbo za shangazi zake ila kwa mbali. Kila mmoja huiona nusu ya arusi yake, na nusu ya pili hawezi kuiona ila kwa picha.

Mimi nililijua jambo hili kwa kosa langu. Nilipokuwa kijana niliazima kamera, nikajitolea kupiga picha katika arusi ya binti wa ami yangu, huko Mji wa Kale, Mombasa. Nilikuwa na filamu moja ya picha 36, nami niliona kwamba ni nyingi mno. Nikapiga joho la bwana arusi, nikapiga kitara chake, nikawapiga vijana wenye matari njia nzima, na tulipofika msikitini nikapiga hata masinia ya halua. Ami yangu alipoketi akamshika mkono bwana arusi, nikabonyeza, kamera isilie. Filamu ilikwisha.

Baada ya siku chache picha zikasafishwa, nikampelekea bibi arusi. Akazitazama moja moja mpaka ya mwisho, kisha akarudia tena tangu mwanzo. Akaniuliza, "Kaka, mkono wa baba uko wapi?" Nikamweleza habari ya filamu. Hakunilaumu, ila alisema, "Watu wameniambia ya kuwa baba alilia alipolitaja jina langu. Nilitaka kumwona." Nami nilikuwa na sinia ya halua ya kumwonyesha.

Tangu siku hiyo nimezoea kujiuliza swali moja kabla ya arusi, nami nawapa ninyi swali hilo. Zamani kamera za sanduku za bei ndogo zilitumia filamu ya namba 120, na filamu moja ilitoa picha 8 tu, za sentimita 6 kwa 9. Basi jiulize: kama ningekuwa na picha 8 na si zaidi, ningepiga nini? Ukiisha kuzijua nane hizo, zitafute kwanza. Zilizobaki, hata zikiwa elfu, ni za furaha yako.

Katika hizo nane, ya kwanza ni mkono wa walii katika mkono wa bwana arusi. Picha hii haipatikani kwa bahati, maana maneno yenyewe ya kuoza na kukubali ni mafupi sana. Mtu akigeuka kusalimiana na mwenziwe, yamekwisha. Lakini kuna dalili. Kabla ya maneno hayo shehe husoma khutuba ya ndoa. Khutuba ikianza, acha kila kitu, ukae mahali pako, na kamera iwe tayari. Mahali pako pasiwe mbele ya watu wote, wala usisimame juu ya vichwa vya walioketi kama mwizi wa embe juu ya ukuta. Fika mapema, umwombe ruhusa imamu, kwa kuwa iko misikiti isiyopenda picha ndani, nayo ina haki yake. Ukiruhusiwa, keti chini kama wengine, kando ya shehe, ili uwaone wote wawili ubavuni, nao wamekabiliana. Usitumie flashi, ile taa ya ghafula, kwa kuwa huwashtua watu na kuuvunja utulivu wa ibada. Piga mikono yao. Kisha piga uso wa walii anaposema, na uso wa bwana arusi anapojibu. Kama baba analia, usione haya kumpiga, lakini usimsogelee.

Hapa hapana budi niseme kidogo juu ya nuru, maana wengi hupata mahali pazuri na wakati mzuri, kisha picha hutoka mbaya, wasijue sababu. Msikitini karibu kila mtu amevaa kanzu nyeupe. Kamera haina akili ya kujua kwamba kitu hiki ni cheupe kwa asili yake na kile ni cheusi. Huipima nuru yote iliyo mbele yake, kisha hujaribu kuifanya ya wastani, kama rangi ya majivu. Basi ukiielekeza kwenye safu ya watu arobaini wenye kanzu nyeupe, hudhani ya kuwa nuru imezidi, nayo huipunguza. Kanzu huwa za rangi ya majivu, na nyuso huwa giza tupu. Ndipo watu wanaposema, "Sisi weusi hatutoki vizuri katika picha." Maneno hayo si kweli, kwa kuwa kosa si la ngozi bali ni la kipimo. Hata filamu za rangi za miaka ya kati ya karne ya 20 zilisawazishwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, wala waliozifanya hawakutufikiria sisi. Dawa ni kupima nuru usoni mwa mtu, si katika kanzu yake. Simu nyingi za sasa hupima upya hapo unapogusa kioo. Gusa uso, nawe utauona unang'aa. Kanzu ikipoteza mikunjo yake kidogo si neno. Hakuna atakayelia kwa ajili ya mikunjo ya kanzu.

Nje ya nyumba adui ni jua la saa sita. Huanguka wima juu ya kilemba, na macho yote huwa mashimo mawili meusi. Wakati huo warudishe watu barazani, chini ya kivuli, nyuso zao zielekee njiani kulikokuwa na mwangaza. Tangu saa kumi alasiri jua hulegea, nalo hufaa kwa maandamano. Ndani ya nyumba, mweke mtu karibu na dirisha au mlango ulio wazi, naye aukabili. Akiupa mgongo atakuwa kivuli cha mtu, hatakuwa mtu.

Sasa twende upande wa pili, nyumbani kwa wanawake. Mimi siwezi kuingia huko, wala mwanamume mwingine mgeni hawezi, na hapo ndipo kazi ya mpiga picha mwanamke ilipo. Wako siku hizi wanawake wanaoifanya kazi hii Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, nami namshauri kila mzazi anayeoza binti yake amtafute mmoja wao. Lakini hata mwanamke asidhani ya kuwa mlango ukifunguliwa kila kitu ni ruhusa. Wageni wamevua mabuibui yao kwa kuaminiana. Wamevaa, wamejipamba, wanacheza, kwa kuwa wanajua ni wao wenyewe tu waliomo. Picha moja ikitoka humo huingia katika simu ya mtu, na kutoka simu hiyo huenda katika nyingine hamsini kabla taa hazijazimwa. Na aliyemo ndani ya picha hawezi tena kuirudisha. Ndoa zimetiwa fitina kwa sababu kama hizo. Kwa hiyo katika nyumba nyingi wageni huombwa wasitoe simu zao kabisa, na mpiga picha huwa mmoja tu, anayejulikana, naye amepatana na wenye arusi nani apigwe na nani asipigwe, na picha zitakwenda kwa nani. Wako wanaosema ya kuwa hayo ni mambo ya kizamani. Mimi nasema ya kuwa amchukuaye mtu picha bila ruhusa amemwibia, na zama hazina neno katika hilo.

Tena msidhani kwamba makatazo hayo huifanya kazi kuwa maskini. Kinyume chake, ndipo ufundi unapotakiwa. Kuna picha nyingi zisizomfunua mtu, nazo zaeleza arusi kuliko uso uliopambwa. Tazama mikono ya bibi arusi juu ya mto, hina na piko havijakauka bado, naye amekatazwa kugusa kitu hata kulishwa alishwe. Tazama vidole vya mchoraji, na maua yanayotoka chini ya vidole hivyo. Tazama kikuba cha asumini na rihani kikifungwa, au chetezo cha udi na moshi wake katika mwali mmoja wa jua uliopita dirishani. Moshi huo ukiupiga kwa kuukabili mwangaza, na nyuma yake pawe giza, utaonekana kama uzi wa hariri. Viatu vilivyoachwa mlangoni, jozi sitini, vikubwa na vidogo, vyasema hesabu ya wageni na furaha yao, wala hakuna aliyeaibishwa. Picha za namna hii bibi arusi aweza kumwonyesha mumewe, naye mume akapata kuijua ile nusu asiyoiona.

Wakati wa nusu hizo mbili kukutana ni pale bwana arusi anapokuja nyumbani na kuukuta mlango umefungwa. Katika kitabu cha Desturi za Waswahili cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, kilichopigwa chapa mwaka 1903, yametajwa mambo mengi ya arusi za mrima, na baadhi ya zawadi za zamani zajulikana hata leo: kilemba cha baba, mkaja wa mama, kifungua mlango, kipa mkono. Kwa mpiga picha, kifungua mlango ni mchezo usio na kifani. Wanawake ndani wanakataa, vijana nje wanabembeleza, fedha zinapitishwa, zinarudishwa kwamba hazitoshi, na bwana arusi jasho linamtoka chini ya joho. Piga kutoka nje, mlango ukiwa umefunguka kiasi cha mkono mmoja kupita. Kisha mlango ukifunguka, mwanamume mwenye kamera abaki nje, na mwenziwe aliye ndani aendelee. Huyo atapiga picha nyingine ya katika zile nane, nayo ni bwana arusi ameweka mkono wake juu ya kichwa cha mkewe na kuomba dua. Kwa sababu hiyo nasema ya kuwa wapiga picha wawili, mwanamume na mwanamke, waliokwisha kupatana kabla, ni bora kuliko watano wasiojuana.

Mtu aweza kuuliza: na picha za kusimama, jamaa wote pamoja, hazina haja? Zina haja sana, lakini twazifanya vibaya kwa sababu ya mazoea tuliyorithi. Upigaji picha ulipotangazwa na Mfaransa Daguerre mwaka 1839, watu walipaswa kutulia kama magogo mbele ya kamera, maana nuru ilikawia kufanya kazi yake katika bamba. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwezi wa Februari mwaka 1840 hakupigwa picha. Arusi yake ilichorwa kwa rangi tu. Lakini binti yake mkubwa alipoolewa, tarehe 25 Januari 1858, mpiga picha aliitwa asubuhi ile kabla hawajaenda kanisani. Picha ikatoka: binti ametulia, anaonekana wazi, naye malkia, mama yake, uso umekuwa kama ukungu. Aliandika mwenyewe katika kitabu chake cha kila siku ya kuwa alitetemeka mno. Mafundi wa siku zile walihesabu picha kama hiyo kuwa na ila. Mimi naona kwamba katika picha zote za jamaa ile hakuna inayomwonyesha mama zaidi ya hiyo.

Huku kwetu picha za kusimama zilipata heshima yake katika studio. Huko Unguja Wagoa kama A. C. Gomes walikuwa na kazi hiyo tangu karne ya 19. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na Mombasa bwana Parekh alifungua yake mwaka 1942. Maarusi wengi walikwenda studio wakiwa wamevaa nguo zao za arusi, wakakaa mbele ya pazia lenye mandhari iliyochorwa, wakapigwa picha moja au mbili kwa uangalifu mkubwa. Fundi aliinua kidevu, akanyoosha ukosi, akageuza bega kuelekea kwenye taa. Kamera zetu za leo zapiga picha kumi kwa nukta moja, na uangalifu ule umetutoka. Basi katika picha ya jamaa, chukua nafasi yako. Waweke wazee vitini, watoto chini miguuni, warefu nyuma lakini si wote upande mmoja. Angalia kama kila uso waonekana. Kisha, baada ya kubonyeza na watu wamepumua, bonyeza tena. Hiyo ya pili, wanapocheka na kugeukiana, ndiyo mara nyingi watakayoichagua.

Wazee wapigwe mapema. Usingoje mpaka jioni, wakati mama mkubwa amechoka na babu amekwisha kulala. Asubuhi mtolee babu kiti barazani, mpige peke yake, kisha pamoja na anayeoa. Katika arusi nyingi nilizohudhuria, mzee aliyetoka mbali kuliko wote ndiye asiyeonekana katika picha hata moja, kwa kuwa alikaa pembeni kwa adabu yake, na adabu ile ikamfuta. Vivyo hivyo wapishi. Usiku wa kuamkia arusi, nenda uani, ukawatazame wanaomenya vitunguu na wanaokoroga sufuria za pilau juu ya kuni, macho mekundu kwa moshi. Nuru ya moto inatosha kama ukiiegemeza kamera ukutani isitikisike. Wageni mia nne watakula kwa kazi yao, nao hawatakuwa na wasaa wa kuja mbele ya pazia.

Kwa ndugu zetu Wakristo, na hasa wa bara, mambo yamekuwa wazi zaidi, maana bwana na bibi arusi wako pamoja kanisani. Lakini swali la picha nane ni lile lile. Pete ikipita kidoleni ni moja. Kutia sahihi katika kitabu cha ndoa ni nyingine, na watu wengi huisahau kwa kuwa waimbaji wanaimba na kila mmoja anatazama mlangoni. Wasimamizi wasiachwe. Na katika arusi za Wachaga, ndafu inapoletwa, mbuzi mzima aliyechomwa, piga nyuso za wanaomtazama kabla hujampiga mbuzi.

Siku mbili kabla ya arusi nenda kwa mama wa pande zote mbili, ukiwa na karatasi, uwaombe majina ya watu wasioweza kukosa. Utapata majina usiyoyatazamia: somo aliyemlea binti, jirani aliyelipa karo ya shule, ndugu waliogombana ambao kwa siku hiyo moja wamekubali kukaa mkeka mmoja. Karatasi hiyo itie mfukoni. Msikitini na nyumbani uitazame, ukate jina kila unapolipata.

Arusi ikiisha, kazi haijaisha. Picha zilizo ndani ya simu hupotea pamoja na simu. Ikianguka kisimani au ikiibiwa sokoni, arusi yote imekwenda. Ziweke mahali pawili mbalimbali, na hizo nane zitoe katika karatasi. Nyuma ya kila moja andika tarehe, mji, na majina ya waliomo kwa utaratibu, kuanzia kushoto. Andika polepole kwa kalamu laini ya risasi, wala si kwa kalamu ya wino, maana wino hupenya mpaka upande wa pili, na ukibonyeza kwa nguvu mstari huonekana usoni mwa mtu.